Wana-Nambale, Tutazamane Nyayo

Ndugu zangu wa Nambale, nanyi majirani wa Matayos, Busia mjini na Malaba, nina ombi dogo kwenu, na ili lisipotelee katikati ya maneno nalitaja mapema. Kila jioni kabla ya kulala, kila mtu nyumbani aoshe miguu, aikaushe, kisha azitazame nyayo zake. Asiyeweza kuzitazama, atazamiwe. Basi. Jambo hili halihitaji harambee wala mgeni rasmi.

Najua wapo watakaocheka. Miguu nayo ni kitu cha kuandikiwa wito? Lakini hebu tujiangalie tunavyoishi. Mkata miwa wa Bukhayo hushinda katikati ya visiki vilivyochongwa na panga. Mpagazi wa mpakani huenda na kurudi na mzigo kichwani mpaka jua linapotua. Mama wa omena husimama sokoni tangu asubuhi hadi vibanda vinapowashwa taa. Dereva wa lori hukaa kitini kwenye foleni ya Malaba hadi viatu vinambana. Mtoto hukatiza shambani kwenda shule, peku, kwenye umande na matope. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huku kwetu miguu ndiyo inayotulisha, na bado ndicho kiungo tunachokikumbuka mwisho. Uso tunaupaka mafuta, shati tunalipiga pasi, lakini miguu tunaitia kwenye soksi ingali na unyevu, kisha huyo, njiani.

Nianze na lile tunaloliona haya kulitaja: funza.

Funza jike ni mdudu wa milimita moja hivi. Huingia kwenye ngozi, hasa pembeni mwa kucha, kati ya vidole na kisiginoni, akatulia humo na kuanza kuvimba mpaka afikie ukubwa wa punje ya choroko. Ukimtazama unaona duara jeupe lenye kidoa cheusi katikati. Kidoa hicho ni mkia wake, alioubakiza nje ili apumue na kutaga. Katika wiki mbili hivi huangusha mayai kwa makumi, na mayai hayo hukulia kwenye vumbi la sakafu ile ile tunayolalia watoto. Ndiyo maana mtoto anayetolewa funza leo huwa nao tena baada ya mwezi. Miguu yake ilitibiwa, sakafu ikasahaulika.

Na hapa pana neno linaloumiza kuliko mdudu mwenyewe. Mtu mwenye funza huambiwa ni mvivu, ni mchafu, au ana laana ya ukoo. Laana gani? Mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikitokea Brazili huku imebeba mchanga wa kuipa uzito baharini. Mchanga ule ulikuwa na funza. Kabla ya miaka thelathini kupita, mdudu alikuwa amekata bara zima kwa miguu ya wapagazi, askari na misafara, akafika Zanzibar na pwani yote ya Afrika Mashariki. Mababu zetu wa kabla ya hapo hawakumjua hata kwa jina. Kwa hiyo hakuna ukoo wa Bukhayo uliolaaniwa. Tuna mdudu mhamiaji anayependa vumbi kavu, nasi tunayajua makao yake.

Tusimdharau lakini. Mwaka 2010 mlipuko wa funza huko Busoga, ng'ambo ya mpaka wetu, uliripotiwa kuua watu wapatao ishirini. Vidonda vya funza ni mlango wazi wa usaha na pepopunda. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino, hashiki kalamu vizuri ikiwa wameingia vidoleni, hachezi, na mwishowe huacha shule kwa kuchekwa. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kupambana na funza mwaka 2014, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaingiza ugonjwa huu kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Tiba ipo, ila si pini. Pini moja ikizunguka kwa watoto watano inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kutoka mguu hadi mguu. Kwenye zahanati wengi wetu tunayafahamu maji ya zambarau ya pamanganeti ambayo mgonjwa hutumbukiza miguu. Yanasaidia, lakini kuna bora zaidi. Watafiti walifanya jaribio kwa watoto 47 huko Gatundu, likachapishwa mwaka 2014. Mguu mmoja wa kila mtoto ulitiwa pamanganeti na mwingine ukapakwa mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafia ndani bila kuchokolewa. Baada ya siku saba, funza wapatao wanane katika kumi walikuwa wamekufa kwenye mguu wa dimetikoni, ilhali kwenye mguu wa pamanganeti walikufa wapatao wanne tu. Tuulizie dawa hii katika hospitali yetu ya kaunti ndogo na kwenye zahanati. Kitu kisichoulizwa hakiagizwi.

Kisha turudi nyumbani, kwenye sakafu. Nyumba ya udongo isiribwe mara kwa mara, isiachwe ikapasuka na kutoa vumbi. Inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa. Na nguruwe, jamani! Hapa Busia nguruwe wanazurura kama wenye mji. Utafiti uliofanyika vijijini Bugiri, upande wa Uganda, ulionyesha kwamba mifugo, nguruwe wakiwa mbele, hubeba funza wale wale wanaotuingia sisi. Ukimtibu mtoto huku nguruwe mwenye funza analala mlangoni, hujamaliza kazi. Nguruwe awe na zizi lake mbali na nyumba, na mbwa atazamwe makucha.

Sasa nihamie kwenye hatari nyingine, ambayo haiwashi wala haiumi. Na kwa kutouma kwake ndipo inapotisha.

Kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba kuna Alupe. Vijana wanaijua kwa chuo kikuu, lakini wazee wanaikumbuka kwa wagonjwa wa ukoma. Tangu enzi za ukoloni palikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma kilichohudumia Afrika Mashariki nzima, na baadaye taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikaendeleza hapo kazi ya ukoma na magonjwa ya ngozi. Watu wengi waliamini kwamba ukoma hula vidole. Daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, alionyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Ukoma huua mishipa ya fahamu, na mguu usiohisi hujiumiza wenyewe: unakanyaga msumari na kuendelea na safari, unakaa karibu na moto na kuungua, unasuguliwa na kiatu mpaka mfupa unaonekana, na mwenyewe hana habari. Maumivu tunayoyalaani kila siku kumbe ndiyo askari wetu wa zamu.

Ukoma leo unatibika, na dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Lakini mguu usiohisi umerudi kwa mlango mwingine, na mlango huo ni kisukari. Sukari ikikaa juu damuni kwa miaka hudhoofisha mishipa ya fahamu na mishipa ya damu ya miguuni. Mtu huanza kuhisi ganzi, au moto usiku, au kama anakanyaga pamba. Halafu siku moja kijiwe kinaingia kwenye kiatu, anatembea nacho kutwa, na jioni soksi ina damu. Kidonda hakifungi kwa sababu damu haifiki vizuri. Kinaoza, na safari inaishia chumba cha upasuaji. Dokta Brand alihamia Marekani mwaka 1966, na yale aliyojifunza kwa wagonjwa wa ukoma yakawa msingi wa namna wenye kisukari wanavyofundishwa kutunza miguu. Osha kila siku. Kausha. Paka mafuta. Tazama. Vaa kiatu kisichokubana. Wenye ukoma walifanya hivyo ili wabaki na miguu yao, na sisi tunahitaji kufanya vivyo hivyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu Wakenya tisa katika kila kumi walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Inawezekana kabisa kwamba babu yako, nyanya yako au wewe mwenyewe unayo na hujui, na mguu ndio utakaokuwa wa kwanza kusema. Je, kuna atakayeusikia?

Kuna na la tatu, nalo linahusu kaunti yetu moja kwa moja. Minyoo ya safura haiingii kwa mdomo pekee kama wengi wanavyodhani. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, vikapenya kwenye ngozi ya mguu ulio peku, vikasafiri hadi utumbo na kuanza kunyonya damu. Mtoto anakosa damu, anasinzia darasani, na mwalimu anadhani ni mjinga.

Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za kusini mwa Busia, huko Funyula na Budalang'i, zenye wanafunzi zaidi ya elfu thelathini. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walipopima matokeo, waliona utoro shuleni umepungua kwa robo. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilisomwa dunia nzima, na mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi. Busia yetu ikaingia vitabuni. Lakini ndani ya taarifa ile kuna jambo ambalo halikupigiwa vigelegele. Pamoja na vidonge, watoto walifundishwa kunawa, kuvaa viatu na kutoingia maji ya ziwa ovyo. Walimu walipewa mafunzo, na mabango yakabandikwa. Watafiti walipochunguza kama watoto wamebadilika, hawakuona tofauti. Waliofundishwa walienda peku sawasawa na wale wasiofundishwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na ndilo lililonifanya nibadilishe namna ya kuandika wito huu. Hatukosi mahubiri ya usafi, tumehubiriwa mpaka masikio yameota sugu. Tunachokosa ni zamu: saa inayojulikana, beseni linalojulikana, na mtu anayejulikana atakayesema, "Lete mguu nikuone." Mtoto hatavaa viatu kwa kuwa bango limesema. Atavaa akijua jioni mama atauinua mguu wake na kuutazama.

Basi zamu yenyewe iweje? Weka beseni la miguu lisilotumika jikoni. Tia maji ya vuguvugu na uyapime kwa kiwiko, si kwa mguu, kwa sababu mguu wenye ganzi utakudanganya. Tumia sabuni ya kipande, na usiloweke muda mrefu mpaka ngozi inyauke. Pitisha kidole katikati ya kila kidole cha mguu. Kausha kwa kitambaa ambacho kila mtu ana chake, na hasa kausha kule katikati, maana unyevu ndio shamba la fangasi. Ukiona ngozi nyeupe inayobanduka na kuwasha kati ya vidole, hiyo ni fangasi, na dawa ya kupaka utaipata kwa mwuza dawa aliyesomea kazi hiyo. Usiiache eti kwa kuwa haijakulaza.

Magaga ya kisiginoni yasugue kidogo kwa jiwe, kila siku kidogo, wala usitake kuyamaliza kwa siku moja. Paka vaselini wakati ngozi ingali laini, ila usipake katikati ya vidole. Kucha zikate kwa usawa, bila kuchimba pembeni, la sivyo ukucha utaota ndani ya nyama. Sugu usiikate kwa wembe, na asiyehisi miguu yake asijisugue wala kujikata bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Kisha tazama. Washa tochi ya simu. Angalia unyayo mzima, kisigino, kati ya vidole na pembeni mwa kucha. Unatafuta kidoa cheusi, malengelenge, mwiba, ufa unaotoa damu, wekundu, uvimbe wa upande mmoja. Mzee asiyeweza kuinama awekewe kioo sakafuni, au apigwe picha ya nyayo kwa simu na aonyeshwe mwenyewe. Picha ya leo ikilinganishwa na ya juma lijalo itasema kama kidonda kinafunga au kinapanuka. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona kwa siku chache, wekundu unaopanda mguuni, harufu, au kidole kinachogeuka cheusi, hivyo si vya kusubiri siku ya soko. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata kidogo. Na aliyechomwa na msumari au kisiki cha muwa aulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Kuhusu viatu, najua mifuko yetu. Sisemi tukanunue vya dukani. Kiatu cha mitumba ni kiatu, almradi kioshwe, kianikwe juani, na mkono uingizwe ndani kutafuta msumari kabla ya mguu kuingia. Nunua alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi za kutwa. Kiatu kinachokuenea asubuhi huweza kukubana jioni. Akala ni kiatu imara, ila kagua kamba zisikukate. Gambuti hufaa kwa shamba la matope, lakini asubuhi igeuzwe ikung'utwe. Patipati si za shambani, wala hazimfai mwenye ganzi, kwa kuwa zinaweza kumvuka asijue. Huyo asitembee peku hata ndani ya nyumba, wala asiote moto miguu.

Sasa niwaite mmoja mmoja.

Wazazi, zamu hii ni ya baba na mama. Baba anayeinama kumwosha mtoto miguu hapungukiwi na heshima.

Walimu, ombi langu si somo jingine. Mara moja kwa juma, kwenye gwaride, kagueni miguu mnavyokagua kucha za mikono. Ila aliye na funza msimtoe mbele ya wenzake. Mwiteni pembeni na mtume ujumbe nyumbani.

Wachungaji, mapadri na maimamu, nyinyi mna mtaji mkubwa. Muislamu huosha miguu katika udhu mara kadhaa kwa siku, anachohitaji ni kuongeza jicho na kitambaa kikavu. Mkristo hukumbuka kila Alhamisi Kuu Bwana akiwaosha wanafunzi wake miguu. Dayosisi yetu ya Nambale, parokia na makanisa mengine yote yanaweza kuitoa ibada hiyo altarini yakaipeleka kwa mjane anayeishi peke yake.

Wauza mitumba na mafundi viatu mliokaa barabarani, nyinyi huiona miguu ya Nambale kuliko daktari yeyote. Mkiona kiatu kimelika upande mmoja au kina damu ndani, msinyamaze. Mwambieni mwenyewe, taratibu, akapimwe.

Wahudumu wa afya ya jamii, tangu Septemba 2023 serikali imewapa wenzenu laki moja nchini mikoba yenye kipima sukari na kipima shinikizo la damu. Mkiingia boma, baada ya kupima ombeni kuona miguu. Nasi wenye boma tuwavulie viatu bila haya.

Nanyi waheshimiwa wa wodi zetu nne, Nambale Mjini, Bukhayo Kaskazini na Walatsi, Bukhayo Mashariki na Bukhayo ya Kati, tunawaomba mambo yanayoweza kuonekana: maji kwenye kila shule ya msingi, dawa ya funza na vijiti vya kupimia sukari visivyoisha katikati ya mwezi, na saruji kwa sakafu za wazee wasio na mtu. Barabara tunazipenda, lakini zinahitaji miguu ya kuzikanyaga.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na unyayo hauwezi kujitazama wenyewe. Kwa hiyo tuanze leo hii, nyumba kwa nyumba. Ukishamaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii na umwulize swali moja: nyumbani kwako, nani anakutazama nyayo? Akikosa jibu, jitolee wewe, naye akutazame zako.